Chokoleti ya Nyumba ya Sabuni

Mwone kwanza anavyoingia, mengine nitakueleza baadaye. Ni Jumatatu asubuhi, mwezi wa kumi, jua la Halab, mji wetu huku Syria, limeshapoa kidogo, na duka la chokoleti la Fundi Nubar kule mtaa wa Aziziya ndiyo kwanza limefunguliwa. Mlango wa kioo unasukumwa na mwanamke wa makamo, mfupi, koti lake refu la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu vimepigwa rangi jana yake. Hatazami kabati za vioo. Hatazami masanduku yenye utepe. Anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kuuzia, anafungua mkoba, anatoa vijikaratasi vitano vilivyokunjwa, kila kimoja kina namba ya kalamu ya risasi, anavipanga mbele ya mwenye duka kama mtu anayepanga karata.

"Fundi," anasema, "nimeonja chokoleti za maduka matano ya mji huu. Ya kwako ndiyo mbaya kuliko zote."

Huyo ndiye Bahija, jirani yangu, tunayemwita Mama Hanadi. Ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa jikoni kwangu. Nikikata kitunguu, yeye ndiye anayepiga chafya. Kwa hiyo katika haya ninayokusimulia, mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine yalinijia kupitia ukutani bila mimi kuyaita.

Tumwache Fundi Nubar hapo, miwani mkononi, anashangaa. Itabidi nikurudishe nyuma miaka minane, la sivyo utadhani huyu mama alikwenda kutafuta ugomvi.

Mume wake, Nazmi, ni mpiga muhuri katika kiwanda cha sabuni cha mtaani kwetu, Bab Qinnasrin. Alianza akiwa na miaka kumi na miwili. Kila msimu wa baridi wanapika mafuta ya zeituni pamoja na mafuta ya ghar, ule mti ambao majani yake makavu tunatia mchuzini, wanamwaga uji wake sakafuni mpaka unatanda kama ziwa la kijani, ukishaganda wanaukata vipande, halafu Nazmi anachuchumaa na muhuri wake na kugonga kipande kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, huku akirudi kinyumenyume. Sehemu ya mshahara analipwa sabuni. Basi kwao sabuni iko juu ya kabati, iko chini ya vitanda, iko katikati ya mashuka. Si kwamba sisi wengine hatuweki. Hakuna mwanamke wa Halab asiyelaza kipande cha sabuni kwenye nguo zake. Ila sisi tunaweka kipande, wao wanaweka gunia.

Miaka minane iliyopita ilisomwa Fatiha ya posa ya binti yao mkubwa, Hanadi. Bahija alinunua kilo mbili za chokoleti siku tatu kabla, na kwa kuwa zilikuwa kitu cha thamani, akaziweka mahali safi kuliko pote nyumbani: ndani ya kabati la mashuka, akafunga kwa ufunguo. Siku yenyewe, Nazmi kwa furaha yake akasema sinia atalipanga yeye. Akapanga moja moja kwa vidole vyake, safu juu ya safu, akapitisha kwa wageni.

Miongoni mwa wageni alikuwapo Bi Wajiha, shangazi wa bwana harusi. Bi Wajiha akauma, akatafuna kidogo, akaacha. Akatoa kitambaa cha mkononi, akarudishia humo kile kipande kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akakunja, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji:

"Ahsanteni sana. Kuoga nimeshaoga nyumbani."

Sebule nzima ilicheka. Posa haikuvunjika, usiogope. Hanadi yuko Homs na watoto watatu. Lakini neno lilitoka pale likatembea. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulishaonja chokoleti ambayo haukuila. Nyumba ikaitwa Nyumba ya Sabuni. Nazmi akienda kununua mikate, wanamuuliza kama leo chai yao ilitoa povu. Akipita mbele ya kinyozi, wanamwambia apite polepole wasije wakateleza.

Wengine wangecheka nao likaisha. Nazmi si mtu wa hivyo. Yeye aliamini ni mikono yake. Alipanga sinia kwa mikono hii, kwa hiyo mikono hii ndiyo iliyoaibisha binti yake. Tangu siku ile hakumpa mtu mkono tena. Ukimnyooshea wako, yeye anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa, anakuulizia hali ya watoto. Kwa mgeni ni adabu nzuri. Sisi tuliomjua zamani tulijua anaficha nini. Kwenye misiba na Idi anakaa karibu na mlango, na chakula hagusi mpaka wenzake wote wamekwisha kuchota.

Sasa ikafika zamu ya binti wa pili, Rudayna. Mchumba ni fundi umeme, Muhannad, kijana mtulivu, na watu wake walisema watakuja Alhamisi baada ya Alasiri. Yalipoletwa majina ya wanawake watakaofuatana nao, jina la tatu lilikuwa Bi Wajiha. Ni dada wa bibi yake Muhannad. Halab ni mji mkubwa, lakini vikongwe wanaochukuliwa kwenda kuangalia wachumba ni wale wale.

Siku hiyo hiyo akaja Bi Mukarram, mke wa Ghiyath, kaka yake Nazmi, na sahani ya biringani za kujaza. Ukiona Bi Mukarram ameleta chakula, ujue ana neno. Akalizungusha, akalizungusha, mwisho akasema kwa nini wageni wasipokelewe nyumbani kwake, maana sebule yake ni pana na inaingia hewa. Alitamka hilo neno hewa vizuri sana.

Nazmi akakubali kabla biringani hazijapoa. Akaongeza kwamba isitoshe, Alhamisi kiwandani wanasafisha sufuria la kupikia kwa ajili ya msimu, na huenda akahitajika. Ghiyath anaweza kusimama badala yake.

Hapo ndipo Bahija alipoweka kijiko chini. Baadaye aliniambia kwamba la sebule angeliweza kulimeza. Alichoshindwa kumeza ni kumwona mwanamume anatafuta sababu ya kutokuwapo kwenye Fatiha ya binti yake mwenyewe, na anaitafuta kwa furaha. Mukarram alipoondoka, nilisikia hivi kupitia ukuta, na hakupandisha sauti:

"Baba Hanadi, binti ataposwa hapa, kwenye nyumba ya baba yake. Na wewe utakuwapo. Chokoleti niachie mimi."

Basi akaanza kuitafuta. Alikuwa na fikira yake moja, na kwa kweli hata mimi niliiona ina maana. Alisema: kama nyumba yetu ina harufu, basi ina harufu, siwezi kuibomoa. Ninachotaka ni chokoleti nzuri kiasi kwamba inaweza kulala nyumbani kwetu usiku mmoja na kuamka salama. Ile ya miaka minane ilikuwa ya bei rahisi, ndiyo maana ilishindwa. Mji huu wote haukosi moja itakayoshinda.

Jumamosi na Jumapili alitembea. Alikwenda Jamiliya, akaenda Sulaymaniya, akaenda Aziziya, akaenda mpaka kule madukani Furqan ambako wauzaji wanavaa glavu nyeupe. Unajua desturi ya maduka yetu: huondoki bila kuonjeshwa. Muuzaji anakuchagulia kipande, anakunyooshea kwenye kibano. Bahija anakipokea, anashukuru, anatoa kikaratasi mkobani, anakikunja kile kipande, anaandika namba.

"Onja, mama," wanamwambia.

"Nitaonja nyumbani."

Kijana mmoja wa Furqan akamuuliza kama anakipeleka mahakamani. Bahija akamjibu kwamba ndiyo, na hukumu itatoka kesho alfajiri.

Jumapili jioni vipande vitano vikalazwa kabatini, juu kabisa ya sabuni, na mlango ukafungwa. Baada ya sala ya alfajiri nikasikia anagonga ukuta kwa mwiko. Nikaenda na gauni langu la kulalia. Tukaonja pamoja, tumesimama. Namba moja: sabuni. Namba mbili: sabuni. Namba tatu, ya rahisi, ilikuwa tamu tu kama sukari ya kawaida, na sabuni kwa mbali. Namba nne, sabuni. Namba tano ilikuwa ya Fundi Nubar, ile ambayo hata wenye pesa zao wa Damasko wanaiagiza, na nilipoiuma, ndugu yangu, nilihisi kama nimelamba muhuri wa Nazmi. Niliitema kwenye karo.

Nilidhani atalia. Yeye alikuwa anafunga vifungo vya koti.

Haya, sasa turudi dukani.

Fundi Nubar ni Muarmenia wa miaka sitini na kitu, mnene, mpole, amerithi duka kwa baba yake. Hakukasirika. Alivaa miwani, akafunua namba tano, akatambua chake kwa ule mstari wa mawimbi anaochora juu kwa mkono. Akakinusa, akakivunja, akatia kidogo mdomoni, akafumba macho. Kisha akaonja nyingine zote, na ile namba tatu akaisukuma pembeni kwa kidole cha mwisho, hakutaka hata kuambiwa ni ya nani.

"Zililala wapi hizi?" akauliza.

"Kabatini."

"Na kabatini mna nini?"

"Mna nini? Mashuka. Na sabuni, kama kabati la mtu yeyote."

"Sabuni ya ghar?"

"Fundi, kwani sisi tunaogea ya Paris?"

Fundi Nubar akacheka mpaka miwani ikashuka. Halafu akamweleza, taratibu, kama anavyomweleza mtu anayejifunza kazi. Chokoleti nzuri imejaa mafuta ya kakao, na mafuta hayo yanavuta harufu ya chochote kinacholala nayo. Kadiri chokoleti ilivyo bora, ndivyo inavyovuta. Ya kwake imevuta kuliko zote kwa sababu ndiyo yenye mafuta mengi kuliko zote; ile ya namba tatu haikuvuta sana kwa sababu haina mafuta ya kuvuta harufu. Akamsimulia kwamba mwaka mmoja, yeye akiwa mtoto, mjomba wake alitundika basturma, ile nyama kavu yao ya vitunguu saumu na uwatu, kwenye stoo ya duka, usiku mmoja tu. Chokoleti zote za Pasaka zikageuka basturma. Baba yake hakuthubutu kuziuza, na watoto wa ukoo mzima walilishwa chokoleti za vitunguu saumu mpaka Pentekoste.

Bahija alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na mikono? Mtu anayeshika sabuni miaka arobaini, akizipanga hizi kwenye sinia kwa vidole vyake?"

Fundi alimtazama kidogo. Sidhani alijua habari ya Nyumba ya Sabuni. Aziziya ni mbali na kwetu. Lakini mtu anayeuza chokoleti za posa maisha yake yote anajua swali lipi si la chokoleti.

"Mikono inanawa, mama," akasema. "Na hata isiponawa, dakika mbili tatu hazifanyi hivi. Hii ni kazi ya kabati lililofungwa na usiku mzima. Si kazi ya mikono ya mtu."

Bahija akamwomba arudie. Akarudia. Ndipo akakaa kwenye kile kiti cha wateja ambacho tangu aingie hakukitazama. Fundi akamletea maji, akajifanya ana shughuli na utepe.

Aliposimama alikuwa Bahija yule yule. Fundi, kwa wema, akamtolea zile zenye iliki, zile zenye maganda ya machungwa, akisema hizo ladha yake ni kali, zinaficha mambo mengi. Akakataa. Alisema hakuja kutafuta ya kuficha. Anataka kilo mbili za namba tano, kama zilivyo, na zisitoke dukani mpaka Alhamisi saa kumi. Fundi akasema vizuri, alete sinia lake Jumatano, atalipanga mwenyewe. Bahija akarudi nyumbani mbio, akatoa sinia lake la harusi, la fedha, akarudi nalo kabla ya adhuhuri lisije likasahauliwa. Fundi akalifunua, akainamisha pua, akalifunika tena. Lilikuwa limelala kabatini miaka minane, limefungwa kwenye foronya.

"Lisugue kwa majivu na ndimu," akasema, "ulilaze juu ya paa siku mbili, lipigwe upepo."

Basi Jumanne yote tulimwona Mama Hanadi juu ya paa, amekaa kwenye kigoda mbele ya sinia, fagio mkononi, anafukuza njiwa wa jirani wasije wakalichafua. Watu wa madirisha ya juu walimuuliza kama anaanika jua lenyewe. Mukarram akaja tena, safari hii mikono mitupu, akashauri angalau sabuni zilizo juu ya kabati zihamishwe mpaka wageni waondoke. Bahija akamwambia ule ni mshahara wa mwenye nyumba na utabaki ulipo. Jumatano akalirudisha sinia kwa Fundi Nubar.

Nazmi naye aliambiwa yote: mafuta ya kakao, kabati, basturma ya Waarmenia. Alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Huyo fundi amekuonea huruma." Kitu ambacho mtu ameamini kwa miaka minane hakitolewi na habari iliyoletwa kutoka dukani. Bahija aliliona hilo, na hakubishana naye hata neno.

Badala yake, Alhamisi mchana, alimwambia hivi: wageni wanaingia saa kumi, na mimi siwezi kutoka. Ghiyath atawapokea. Wewe chukua teksi, nenda Aziziya, ukalete sinia.

Ungemwona alivyong'aa. Alivaa suti yake ya kijivu haraka, kwa sababu alichosikia ni kwamba wageni watakapoingia yeye hatakuwapo. Hakufikiria kwamba anayeleta sinia ni lazima aingie nalo. Mimi nilifikiria, nikafungua mdomo niseme, Bahija akanitazama, nikaufunga.

Wakaja. Sebule yao ni moja, kwa hiyo wanaume walikaa upande wa dirisha na wanawake upande wa mlango wa ndani, na Bi Wajiha katikati ya wanawake kwenye mto mrefu kuliko yote, ingawa hakuna aliyempangia. Salamu zikapita. Habari za hali ya hewa zikapita. Bei ya zeituni mwaka huu ikajadiliwa ikaisha. Fatiha haisomwi baba hayupo, na kahawa haimiminwi Fatiha haijasomwa. Ikafika saa kumi na nusu. Ghiyath alikuwa anajifuta jasho.

Ndipo Bi Wajiha akauliza, kwa ile ile sauti ya kuomba maji:

"Mama Hanadi, baba wa binti yuko wapi? Au amekwenda kupigwa muhuri na yeye?"

Wawili watatu wakakohoa kicheko. Rudayna, ndani, akainamia miguu yake.

"Anakuja, Bi Wajiha," Bahija akasema. "Kaa raha mustarehe."

Akaja jikoni nilikokuwa na birika. Nikamnong'oneza: na kama ameshuka njiani akaenda kiwandani, sinia akampa dereva alilete? Akasema hawezi. Amemwagiza Fundi Nubar kwamba sinia lisiachwe kwa mtu yeyote ila Nazmi, na lifungwe kwa namna ambayo haliwezi kuwekwa kwenye kiti, lazima lipakatwe. Nikamuuliza na kama hakwenda dukani kabisa? Alitazama saa ya ukutani, akapanga upya vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika.

Teksi ikasikika kule chini. Kisha nyayo kwenye ngazi, polepole, moja, tena moja, kama za mtu anayebeba mtoto aliyelala. Halafu mlango ukagongwa kwa ncha ya kiatu, maana mikono haikuwa na nafasi.

Akaingia. Sinia limejaa mlima wa karatasi za dhahabu, kileleni kuna kitawi cha ua jeupe, na nyuma yake sura ya Nazmi imejaa jasho. Wageni wote wakasimama. Akatafuta kwa macho ile meza ndogo ya sebuleni aliweke. Meza haikuwapo. Asubuhi Bahija aliniomba niiweke kwangu, nikashangaa ya nini, sasa nikaelewa. Babu yake Muhannad, mzee mrefu wa ndevu nyeupe, alikwisha kuvuka sebule na mkono umenyooshwa mbele yake.

Bahija akapita katikati, akalichukua sinia kutoka mikononi mwa mume wake.

Basi mikono ya Nazmi ikabaki mitupu, na mkono wa yule mzee uko hapo, inchi nne kutoka kwake, unangoja. Niliona kiganja chake kikianza kupanda kifuani. Kikafika nusu. Mzee hakushusha wake. Nazmi akateremsha mkono, akampa. Yule mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili, akautikisa sana, akasema wamengoja mpaka wamemaliza bei za zeituni zote za Syria.

Fatiha ikasomwa, Bahija amesimama mlangoni na sinia lake kama askari. Watu walipopangusa nyuso, akalirudisha kwa Nazmi. "Baba Hanadi," akasema, "wakaribishe wageni wako."

Akaanza na mzee, akapita wanaume, akavuka upande wa wanawake. Akainama mbele ya Bi Wajiha.

Bi Wajiha akachagua kwa muda. Akachukua ya pembeni. Akaimenya karatasi yake, hakuharakisha, akaipeleka puani kabla ya mdomoni. Sebule nzima ilimtazama, hata wale waliokuwa wanajifanya wanazungumza. Mimi nilishika birika mlangoni, likainama, kahawa ikanimwagikia kidole, sikukifuta. Bi Wajiha akauma. Akatafuna. Akatafuna tena. Kitambaa cha mkononi kilikuwa pajani, mkono wake haukukiendea. Akanyoosha akachukua ya pili.

Nazmi bado ameinama pale pale, amesahau kwamba anaruhusiwa kuondoka.

"Mbona umesimama, Baba Hanadi?" Bi Wajiha akamwambia. "Pitisha na kwa wenzangu, wasije wakasema nimezimaliza."

Nazmi akapitisha. Na alipofika kwa mwanamke wa mwisho, yeye mwenyewe akachukua moja, akaimenya kwa vidole vyake, akaila pale pale, amesimama katikati ya watu. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake. Ilikuwa kahawa ya furaha ile, ingawa nusu yake niliimwaga mlangoni.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo moja dogo lililobaki, na mpaka leo linanizunguka kichwani.

Wageni walipokuwa wanafunga viatu, Bahija akazunguka na kahawa ya mwisho. Alipofika kwa Bi Wajiha, yule bibi akamvuta karibu, akamuuliza chini chini chokoleti hii wameipata wapi. Bahija akamwambia bila kinyongo: Aziziya, kwa Fundi Nubar. Bi Wajiha akasema Jumamosi wanakuja watu kumwangalia mjukuu wake, watu wakubwa, na yeye miguu yake haiwezi tena Aziziya. Akaomba kama zimebaki. Zilikuwapo nyingi. Bahija akamhesabia ishirini.

Bi Wajiha akakunjua kile kitambaa chake cha mkononi, kikubwa, cheupe, kimepigwa pasi. Kilipofunguka, harufu ya ghar ilipanda mpaka nilipokuwa nimesimama mlangoni. Kitambaa hicho kilikuwa kimelala ndani ya mashuka na sabuni tangu lini sijui. Akazipanga zile ishirini katikati, nyingine karatasi zake zikiwa zimelegea, akafunga pembe nne, akazipigapiga kwa kiganja.

"Nitazifungia kabatini mpaka Jumamosi," akasema. "Wajukuu zangu ni panya."

Bahija alikuwa ameinama mbele yake, birika mkononi. Niliona midomo yake inafunguka. Nikageuza macho nikamwona Nazmi kule dirishani, amepeana mkono na yule mzee kwa mara ya pili, wanacheka kitu.

Miaka minane, ndugu yangu. Na siku mbili kabatini, mpaka posa ya mjukuu wake. Neno moja tu la kumtahadharisha lilitosha. Ungekuwa wewe umeshika birika lile, ungelisema?